Misheni ya vijana Dar: wa Tanga na Bagamoyo tupeane uzoefu

Mwana wa Chumbageni
Bwana asifiwe wapendwa. Leo alfajiri nimepita stendi ya Kange hapa Tanga nikakuta vijana wa kanisa moja wanapanda kosta, fulana rangi moja, masufuria na spika zimefungwa juu kwa kamba, mama mmoja anawapitishia mikate dirishani, na wanaimba mpaka wapiga debe wanaitikia. Wanaenda misheni Dar. Nimefurahi sana ila pia nimepata wasiwasi, maana wengi wao ni wadogo kabisa na sidhani kama kuna mtu amewakalisha chini akawaambia Dar siyo Ngamiani. Mliowahi kwenda mwageni hapa, mazuri na magumu yote.

Mimi nianze na nyumba kwa nyumba Manzese. Huku kwetu ukipiga hodi unakaribishwa, hata nyumba ya Kiislamu unatolewa kiti na maji ya kunywa, mnaulizana habari za wazazi ndipo useme kilichokuleta. Manzese mtu anachungulia kwenye upenyo wa pazia anakuuliza "unauza nini?" Mlango wa pili "unauza nini?" Nyumba moja ina wapangaji chungu nzima, kila mlango na mtu wake, mchana wengi wako kwenye mihangaiko na waliobaki wametoka zamu ya usiku wanatafuta usingizi. Mlezi wetu akabadili ratiba, tukawa tunatoka saa 12 jioni watu wakiwa wanarudi, tunakaa uani na akina mama wakiwasha majiko, tunamenya nao vitunguu, tunabeba watoto. Hapo ndo watu walifunguka, mpaka wengine wakawa wanatuita wenyewe njooni na huku.

Soprano wa Makorora
Hilo la "unauza nini" kweli tupu. Sisi Mbagala tuliambiwa "leo hatununui" kabla hata hatujasalimia.

Kaka wa Muheza
Mimi naongelea safari. Tanga Dar ni kama kilomita 350, watu wanaona karibu, sasa mkitoka saa 4 asubuhi sababu mnasubiri mwenyekiti amalize kukusanya michango, mnapita Segera, Kabuku, Mkata, Mbwewe, mnafika Wami jua limeshageuka, pale Msata dereva anaanza kubishana na mlezi apite Chalinze au akate Bagamoyo, mnaingia Dar saa ya foleni na watoto wa kwaya hawajala tangu asubuhi. Ondokeni saa 11 alfajiri. Asiyekuwepo abaki.

Mlezi mstaafu
Asiyekuwepo abaki?? Kaka yangu huyo ni mtoto wa mtu, amelipa mchango wake kwa kuuza maandazi. Mpigie simu, mfuate kwao.

Kaka wa Muheza
Shikamoo mlezi. Nimeelewa, ila na sisi tulioamka saa 9 usiku ni watoto wa watu pia.

Dada wa Pangani
Jamani mimi nilikuwa nasoma tu nipite ila nimeshindwa, ngoja niseme maana hili sijawahi kuliandika popote.

Tulikuwa tumefikia kanisa moja Magomeni, tunalala madarasani kwenye mikeka. Sheria ya safari yetu ilikuwa simu zote zikusanywe, zinawekwa kwenye begi la kiongozi, eti vijana wasichati wawe rohoni. Sawa tukatii. Siku hiyo tulikuwa na huduma Kariakoo, tumemaliza jioni, tukaambiwa tunarudi kwa mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar, tupandie pale Gerezani. Nyie mnajua Gerezani jioni inakuwaje, watu wamejaa mpaka mlangoni, gari likifika hakuna foleni ni kusukumana. Gari likafika, mimi nilikuwa mbele nikajikuta nimebebwa juu juu na watu, niko ndani, nageuka naona fulana zetu ziko nje, mwenzangu ananipungia mkono anasema kitu sisikii, mlango ukafunga. Nikasema haya, nitashuka Magomeni Mapipa niwasubiri. Gari likapita Jangwani, likapita Magomeni, HALIKUSIMAMA. Kumbe ni ekspresi. Napiga kelele shusha, mkaka mmoja ananiambia dada tulia hili linaenda Kimara. Nilikuwa na miaka 16, sijawahi kulala nje ya Pangani ila kwa shangazi yangu Tanga mjini.

Nimefika Kimara Mwisho giza limeingia. Sina simu, sina hela zaidi ya mia tano, namba ya kiongozi siijui, jina la kanisa najua ni "la Magomeni" tu, na Magomeni makanisa yako mangapi? Nikasimama pembeni ya mama anayekaanga mihogo nikawa nalia kimyakimya

Soprano wa Makorora
Weee usiishie hapo!

Mwambani Boy
Dada endelea tafadhali, chakula kinapoa huku.

Baba Bagamoyo
Wakati tunamsubiri dada naomba nichangie. Sisi Bagamoyo Dar ni pua na mdomo, vijana wetu wanapanda daladala ya Makumbusho asubuhi, jioni wamerudi. Lakini nauliza kwa uchungu kabisa: kwa nini kila kanisa misheni ni Dar? Jiji lina watu milioni 5 na ushee kwa sensa ya 2022, makanisa kila kona, wahubiri wa kila aina. Kilindi na Handeni ndani kule anaenda nani? Hapa kwetu mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868, hawakuja wiki moja wakapiga picha wakaondoka. Walikaa, wakapokea watu waliokombolewa utumwani, wakafungua shule, wakalima, na wengi wao homa ziliwaua, makaburi yao yapo pale misheni mpaka leo. Ile ndo misheni. Siku nne na fulana mpya mimi naita matembezi.

Mwana wa Chumbageni
Mzee wangu nakuheshimu ila hapo umetukosea. Umati siyo kwamba wamefikiwa. Kuna kijana Manzese alituambia ana mwaka mzima hajasalimiwa kwa jina lake. Kanisa liko mita 50 toka chumbani kwake.

Baba Bagamoyo
Na huyo kijana baada ya nyinyi kuondoka alisalimiwa na nani?

Mwana wa Chumbageni
Tulimkabidhi kwa kanisa mwenyeji, jina na namba.

Baba Bagamoyo
Mlikabidhi karatasi. Uliza kama kuna aliyempigia.

Mwalimu wa Sunday School Magila
Baba Bagamoyo ana hoja, ingawa ameisema kwa ukali. Hata hapa Magila waliotuletea injili walikaa, wakajifunza lugha za hapa, wakazeeka na watu. Kwa hiyo mnapoenda siku chache, kazi yenu kubwa ni kulisaidia kanisa la pale pale, siyo kuanzisha lenu. Waulizeni wenyeji wanataka nini. Sisi tulienda na ratiba ya mikutano ya hadhara, mchungaji mwenyeji akatuambia kwa upole kwamba spika anazo tele, ila hana vijana wa kukaa na watoto wa jirani mchana wazazi wakiwa sokoni. Tukaacha mahubiri tukafundisha watoto kusoma. Mimi naona ile ndo huduma bora kuliko zote nilizowahi kushiriki.

Dada wa Pangani
Samahani nilikuwa nahudumia wateja. Basi yule mama akaniuliza unalia nini, nikamjibu, akaacha kugeuza mihogo akanitazama, akasema "Wewe mtoto wa Tanga wewe." Nikasema ndiyo mama, Pangani. Akasema mimi wa Tongoni, na jinsi unavyoongea huwezi kunificha. Akanipa muhogo na chachandu, akaniambia kaa hapa nyuma yangu, usiongee na mtu yeyote, bodaboda akikuita usigeuke. Nikakaa pale mpaka alipomaliza kuuza. Akaniuliza namba yoyote unayoikumbuka kichwani. Niliyokuwa naikumbuka ni ya mama yangu tu sababu imeandikwa kwa rangi kwenye ubao wa duka letu, nimeisoma tangu nikiwa darasa la pili. Akapiga kwa simu yake, salio likaisha katikati, akamwambia kijana wa jirani amrushie. Mama yangu usiku ule ule akakimbia kwa mchungaji, mchungaji ndo akampigia kiongozi Dar, kumbe kule wenzangu walikuwa wameshazunguka Magomeni yote wanalia, na kiongozi alikuwa kituo cha polisi anaandikisha taarifa.

Kwa kuwa ilikuwa usiku sana yule mama akasema mtoto halali barabarani, atakuja kuchukuliwa asubuhi. Akanichotea ndoo ya maji nioge, akanipa dera lake, nikalala kitandani na binti yake, yeye akalala chini. Alfajiri aliamka kuswali, akamaliza akaniambia nimekuombea na wewe ufike salama. Kiongozi alipokuja alitaka kumpa hela, akakataa kata kata, akasema mimi nina watoto wangu wako Tanga kwa bibi yao, na huko wanaangaliwa na watu.

Mwambani Boy
Nimetokwa na machozi kazini. Mungu amlipe huyo mama popote alipo.

Binti Ngamiani
Mimi ni Muislamu, nimeletwa hapa na rafiki yangu wa kwaya. Huyo mama amefanya tulichofunzwa nyumbani. Tanga tumekua hivi, Idi wao wanakuja kula pilau, Krismasi sisi tunaenda. Allah amzidishie.

Alto 1
Naomba mniruhusu nikasirike. Nani alikuja na hii sheria ya kukusanya simu? Mtoto wa kike miaka 16 mnampeleka Kariakoo hana simu, hana jina la kanisa, hana namba? Hapo shetani hahusiki, ni uongozi.

Mlezi mstaafu
Binti yangu, mimi nimelea vijana muda mrefu na sheria ya simu ina sababu zake. Bila hiyo usiku hawalali, wanaenda kukutana na watu waliojuana nao mtandaoni, na asubuhi mzazi ananiuliza mimi. Kusanya simu usiku, warudishie asubuhi. Lakini kumtoa mtoto mtaani bila namba hata moja, hapana, hilo halina utetezi.

Alto 1
Nashukuru mlezi. Sasa hapo tumeelewana.

Tenor wa Usagara
Dawa ni kuandika namba ya kiongozi mgongoni kwenye fulana, kubwa.

Kaka wa Muheza
Usifanye hivyo asee, matapeli wa Kariakoo wanaisoma, wanampigia kiongozi "kijana wako amepata ajali tuma laki mbili". Iandikwe ndani ya pindo la fulana kwa marker.

Soprano wa Makorora
Mimi nasema msivae fulana kabisa mkiwa njiani, mnajitangaza kuwa wageni.

Tenor wa Usagara
Bila fulana mtapoteana watano badala ya mmoja.

Mwalimu wa Sunday School Magila
Wakaririshwe. Kwenye kosta kuanzia Kange mpaka Wami, badala ya pambio la kumi na tano, kila mtu aimbe namba mbili za simu, jina kamili la kanisa mwenyeji, na kituo cha kushukia. Na wagawanywe watatu watatu, hakuna kupanda gari kama wa tatu hayupo.

Dada wa Pangani
Hiyo ya watatu watatu naiunga mkono kwa mikono yote. Na mjue mwendokasi ipi inasimama kila kituo na ipi haisimami, ulizeni kabla hamjakata tiketi. Halafu Pasaka mara nyingi ni masika, Jangwani ikijaa maji magari yanasitishwa, muwe na njia nyingine kichwani.

Mpiga kinanda
Naomba niseme la picha, linaniuma. Kuna kikundi nilienda nacho, tukawapelekea chai na mikate watoto wanaolala nje karibu na Mnazi Mmoja. Mtoto mmoja ameshika kikombe kwa mikono miwili anatetemeka, mwenzetu anamwambia shusha kikombe kidogo uso uonekane. Yule mtoto akashusha. Akasubiri ruhusa ya kunywa. Nilimpokonya simu mbele ya watu na ningefanya tena leo.

Tenor wa Usagara
Lakini bila picha wafadhili na washarika wanaochangia wanajuaje hela imefanya kazi?

Mpiga kinanda
Piga picha mikate.

Binti Ngamiani
Umejibu vizuri.

Mweka hazina
Kuhusu hela, tenga fungu la dharura kabla hujagusa fungu la fulana. Sisi tulimaliza bajeti kwenye fulana na mafuta ya kosta, kijana akaugua malaria siku ya pili, tukaanza kuchangishana pale pale dispensari. Kila mwenye kadi ya bima aje nayo mkononi, isibaki kwenye droo ya baba.

Mama mchungaji, Korogwe
Shalom. Sisi tunaenda Temeke mwezi ujao, mkutano wa hadhara wa jioni uwanjani. Kibali tunaombea huku au kule?

Mlezi mstaafu
Kule, mama. Kanisa mwenyeji ndo linaandika barua, inapita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, halafu polisi wanapewa taarifa mapema, msisubiri siku moja kabla. Waambieni na muda wa kuzima spika, na majirani wa uwanja waendeeni nyumba kwa nyumba kabla ya siku yenyewe, wakiwemo wa msikiti kama upo karibu, ili saa zenu zisigongane na swala.

Mama mchungaji, Korogwe
Asante sana baba. Barua hatujaandika, nampigia mchungaji wa kule jioni hii hii. Na hiyo ya watatu watatu naipeleka kwenye kikao cha vijana Jumapili, pamoja na suala la simu.