Mjadala: Je, kila mtu wa pwani ni kilembwe wa Sultani wa Kilwa?

Mkazi wa Kivinje:
Waungwana, salaam. Ukoo wetu una karatasi ya nasaba inayopanda mpaka kwa Ali bin al-Hassan, yule Mshirazi anayesimuliwa kuwa alikinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo. Kijana wetu mmoja aliyesomea hesabu ameniambia kuwa karatasi hiyo haithibitishi lolote la ajabu, kwa sababu watu wengi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Sofala, huenda wanatokana na mtu huyo huyo. Naomba wenye elimu mnieleze uwezekano huo ni mkubwa kiasi gani.

Mpenda Namba:
Kijana wako hakubahatisha, Mzee wangu. Kila mtu ana wazazi 2, babu na bibi 4, na idadi hiyo hujizidisha maradufu kila kizazi. Ukifika kizazi cha 30, nafasi za wahenga wa mtu mmoja zinapita bilioni 1, ilhali dunia nzima mwaka 1000 inakadiriwa kuwa haikufikisha watu milioni 400. Wahenga wale wale, basi, wanajirudia mara nyingi, na mtu wa zama zile ambaye kizazi chake hakikukatika lazima awe ameenea kwa watu wengi mno. Muda wa kuenea ulikuwepo: mwanaakiolojia Chittick, aliyechimba Kilwa, alimweka Ali mwishoni mwa karne ya 12, lakini baada ya sarafu zenye jina lake kufukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, wataalamu wengine wamemrudisha nyuma hadi karne ya 11. Kuna kinachopunguza kasi, nacho ni desturi yetu ya kuoana mabinamu, kwa kuwa mtoto wa mabinamu wa kwanza ana wazazi 6 wa babu na bibi zake badala ya 8. Hata hivyo, ndoa moja tu na mwenyeji inatosha kumwingiza sultani katika ukoo mzima uliotoka bara. Huenda muuza pweza wako ni mwanamfalme mwenzako.

Sharifu wa Mrima:
Ndugu Mpenda Namba, umetuchanganyia mambo. Nasaba ni ya baba. Ukiruhusu kila bibi mzaa mama afungue mlango, masultani watajaa hadi sokoni, na muuza pweza ataanza kudai kiti. Mtoto wa binti ni mtu wa watu wengine.

Binti Machinga:
Sheikh wangu, shikamoo, lakini hapo umetutukana nusu ya tuliomo humu. Sisi wa Lindi na kusini tuna koo nyingi zinazohesabiwa kwa mama, na hatukuwahi kujiona watu wa watu wengine. Tena umesahau simulizi ya Kilwa yenyewe, ile ya wazee wa Kisiwani. Inasema kisiwa kilikuwa cha Mrimba, mtu wa kabila la Wamachinga, na kwamba mgeni alitandika nguo lakini pia alimwoa binti wa Mrimba. Mtoto wao alipokua akaenda bara kumwona babu yake, na babu akamkabidhi utawala. Kwa nguo alipata ardhi ya kukaa. Mamlaka yalipitia tumboni mwa mama, tena mama Mmachinga.

Sharifu wa Mrima:
Sijamtukana mtu, mwanangu, na marahaba. Hiyo unayoitaja ni ngano ya barazani. Tarikh, yaani historia ya Kilwa iliyoandikwa, inataja baba na wana, nasi tunafuata maandishi.

Binti Machinga:
Maandishi yapi, Sheikh? Mwanahistoria Mreno João de Barros, aliyeyapata mambo hayo kutoka katika tarikh ya Kilwa, anasema Ali alidharauliwa na ndugu zake huko Shiraz kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, ndipo akapanda chombo. Wale ndugu walikuwa na hoja kama yako. Waliobaki nayo walibaki Uajemi, na aliyetukanwa kwa mama yake ndiye mnayegombania karatasi zake.

Mpenda Namba:
Naomba tupoe kidogo, maana vinasaba vimekwishazungumza. Utafiti wa mwaka 2023, ambao Profesa Chapurukha Kusimba ni miongoni mwa waandishi wake, ulipima mabaki ya watu 80 kutoka Manda, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na kwingineko. Kwa wengi wao upande wa akina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na upande wa akina baba ulikuwa na Waajemi wengi, na mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Lakini vipimo hivyo havimtaji Ali. Vinaonyesha wanaume kutoka Uajemi, si mwanamume mmoja mwenye taji.

Sharifu wa Mrima:
Umeona sasa? Baba Waajemi. Nilisema nini?

Binti Machinga:
Ulisema mtoto wa binti ni mtu wa watu wengine, na sasa vipimo vinasema kila Mshirazi ni mtoto wa binti wa hapa hapa.

Mkazi wa Kivinje:
Jamani, mimi niliuliza juu ya uwezekano, nanyi mmenihamishia kwenye mahari.

Mpenda Namba:
Uwezekano wa kutokana naye kwa njia yoyote, Mzee, ni mkubwa sana, ikiwa kizazi chake hakikukatika. Uwezekano wa kutokana naye baba kwa baba bila kukatika, kama karatasi yako inavyodai, ni mdogo, kwa sababu mstari huo ni mmoja tu kati ya mamilioni na hukatika pale mtu mmoja anapozaa mabinti watupu. Zaidi ya hayo, ukoo mwingine, wa Mahdali wenye asili ya Yemen, ndio uliokuwa madarakani msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, hivyo hata kuwa na sultani wa Kilwa katika nasaba si lazima kumaanishe Mshirazi. Karatasi yako ina majina mangapi kati yako na Ali?

Mkazi wa Kivinje:
Kumi na manne.

Mpenda Namba:
Basi kila mmoja wao alizaa mrithi wake akiwa na wastani wa miaka zaidi ya 55.

Binti Machinga:
Na mwanamke hata mmoja hakutajwa. Labda ndiyo maana walichelewa.