Naomba ushauri: nawazoeshaje watoto wa kikundi chetu mazoezi bila kuwachosha?

Habari za leo wakubwa zangu. Niko Tanga mjini, Makorora. Nalea kikundi cha watoto 22 wa miaka 8 hadi 13, tunakutana Jumamosi na Jumapili jioni kwa kusoma na kuimba. Sasa nataka tuongeze mazoezi, maana wengi wakitoka shule ni simu na soda tu.

Nilianza na kukimbia kuzunguka uwanja. Nilikosea. Wenye mbio walifurahi, lakini binti mmoja mnene kidogo alichekwa, na wiki mbili sasa haji. Jambo hili linaniuma sana. Nimekwenda kwao kuomba radhi, mama yake kanipokea vizuri, ila mtoto bado anaona haya.

Nasoma kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, kwa wastani. Mimi nawapata siku mbili tu. Nafikiria rede, kuruka kamba na kombolela, ili hata nyumbani waendelee wenyewe. Maji na machungwa ya Muheza badala ya soda, hilo wazazi wamekubali.

Waliowahi kulea watoto, nisaidieni: michezo gani haimwachi mtu nyuma? Kupima uzito niache kabisa? Na huyu binti nimrudisheje bila kumfanya ajione anaonewa huruma?