Naomba ushauri: ninunue RAM nyingi sasa au nisubiri bei ishuke?

Habari ndugu zangu, nauza RAM (memori ya kompyuta) na SSD (diski ya kuhifadhi data) hapa Kampala, mzigo natoa Dubai. Mnakumbuka 2023 bei zilivyoanguka, viwanda vilikuwa vimezalisha kupita kiasi kwa sababu ya ile kununua kompyuta kwingi kwa wakati wa korona, halafu watengenezaji wakubwa Samsung, SK Hynix na Micron wakapunguza uzalishaji, 2024 zikapanda tena. Sasa data senta za AI zinazoa chipu za memori na naogopa sana kufunga mtaji wote kwa bei ya juu alafu iporomoke, maana nanunua kwa dola wateja wanalipa shilingi. Nikikaa bila stoku nako wanahamia duka jirani. Nyie mnaoagiza mnachukua kidogo kidogo ama? Na DDR4, ile RAM ya kizazi cha nyuma, bado niweke, mashine nyingi huku ni yuzdi?