Mjadala: Umeme safi wa chanzo kimoja nao ni mtego

Tunabishana kila siku: nchi zinazoendelea zichome kwanza makaa ya mawe na gesi yao, au zihamie nishati safi sasa hivi? Wanaotetea makaa wasibezwe. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, na watu wake wapatao milioni 600 hawana umeme. Kuwaambia hao wasubiri ni dhuluma.

Lakini naona tunagombania moshi, utegemezi tunausahau.

Zambia ilikuwa ikipata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutoka kwenye maji. Moshi hakuna. Ukame wa 2024 ulipoyashusha maji ya bwawa la Kariba, nyumba nyingi zikakaa gizani zaidi ya saa 17 kwa siku. Mchomeleaji, mwenye saluni, mwenye bucha, wote wakabaki na njia mbili: kufunga kazi au kuwasha jenereta la dizeli. Usafi wote ule, mwisho wake dizeli! Kenya nayo iliwahi kuumizwa na ukame, ila ilikuwa imeanza kuzalisha umeme wa jotoardhi kule Olkaria tangu 1981, na leo jotoardhi ndiyo inayobeba fungu kubwa kuliko chanzo kingine chochote nchini humo. Mvuke wa ardhini hausubiri masika.

Gesi je? Ghana, ikikimbia mgao, ilisaini mikataba ya kulipia umeme iwe imeutumia au haikuutumia, ikajikuta inalipia mitambo iliyokaa bure. Mtego ni uleule.

Kinachonikera zaidi ni riba. Jua halitozi kitu, lakini paneli, betri na nyaya hulipiwa karibu zote mwanzoni, kwa hiyo bei ya umeme wa jua ni bei ya mkopo. Nchi maskini hukopa kwa gharama mara 2 au zaidi ya nchi tajiri kwa mradi uleule. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, 2021, Afrika Kusini iliahidiwa na nchi tajiri dola bilioni 8.5 ili ipunguze makaa; sehemu kubwa ikawa mikopo. Huo mimi siuiti msaada.

Msimamo wangu: kila nchi ichanganye vyanzo visivyoweza kuanguka pamoja, na madai yetu ya kwanza kwa matajiri yawe riba nafuu. Anayesema gesi kwanza, anieleze: mkataba wa miaka 20 ataulipaje siku bei ya gesi itakapopanda?