Naomba ushauri: kitengo cha kuzuia ukatili wa majumbani kikae chini ya nani?

Habari zenu wadau. Halmashauri yetu inaunda kitengo cha kuzuia ukatili wa majumbani. Kamati za MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) zipo hadi mtaani, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Panapokwama ni katikati: mama kapigwa, anafuata PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) kituoni, anaenda hospitali, kisha ustawi, na kila meza anasimulia upya. Kesho yake wazee wameshayamaliza nyumbani, shahidi kagoma.

Tumejaribu fomu moja ya rufaa yenye nakala tatu. Ikipitia kwa mwenyekiti wa mtaa, siri inavuja (wakati mwingine mtuhumiwa ni shemeji yake!).

Je, kitengo kiwe chini ya Ustawi wa Jamii au Maendeleo ya Jamii? Na jalada libaki kwa nani, dawati au afisa ustawi?