Mnaodandia mawimbi ya wenzenu Kigamboni, ustaarabu mnauacha Magogoni?

Wakuu, salamu nitawapa siku nyingine. Mods, msiuunganishe huu uzi na zile za michezo, maana kule ndani ya dakika mbili utakuwa umefukiwa na Simba na Yanga.

Nasema na sisi tunaosefu, yaani tunaopanda mawimbi kwa ubao, hapa Dar. Tuko wachache, tunajuana kwa sura na kwa rangi za mbao zetu, na ndiyo maana nakereka zaidi. Ushenzi huu tunafanyiana watu tunaosalimiana.

Kwa watakaouliza kama Dar kuna mawimbi ya kupanda: yapo, ila ni ya kuvizia. Madagaska imekaa kule kusini-mashariki, imetukingia sehemu kubwa ya mawimbi marefu yanayotoka kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, na kaskazini Unguja nayo imetuziba. Kinachobaki ni kusi, ule upepo wa kusini. Likishika, kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa tisa, bahari ya wazi upande wa Kigamboni inaamka. Hata hapo si kutwa nzima. Wakati wa bamvua maji ya Dar yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakipwa, unabaki na mwamba mtupu na vile viumbe vyenye miiba myeusi vinakusubiri unyayo. Yakijaa sana, wimbi linapita juu ya mwamba bila kuvunjika, linakwenda kujibwaga mchangani. Hapo katikati ndipo una saa mbili hivi za maana, na upepo ukiwahi kukaza asubuhi, basi, bahari imeshachafuka, rudi kwako.

Sasa mtu umeamka saa kumi alfajiri. Umembembeleza dereva wa bajaji akubali kufunga ubao juu. Umevuka na pantoni huku abiria wanakuuliza hiyo ni meza ya kupigia pasi au nini. Umefika, umepiga mikono mpaka nje, umesubiri, wimbi zuri limekuja, umelishika, umesimama. Ndipo mtu aliyekuwa amekaa pembeni kabisa anageuza ubao wake na kulidandia mbele yako. Wala hatazami alikotoka mwenzake.

Kanuni yenyewe mtoto wa darasa la tatu anaielewa. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanzia kuvunjika ndiye mwenye wimbi. Akishasimama, wengine wote wanaachia. Haiangaliwi umri, haiangaliwi nani ana ubao wa bei. Na haikuwekwa kwa ajili ya heshima tu. Yule jamaa anakuja na kasi, upande mmoja ana ukuta wa maji, nyuma linamporomokea, chini kuna mwamba, hana pa kukwepea. Ukimwingilia, ama anakuvaa ama anajirusha mwambani. Mchezo huu umeingia Olimpiki kwenye ile michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na 2024 wakashindania Teahupo'o kule Tahiti. Kote huko, kumwingilia mwenye haki ya wimbi ni kosa la kukatwa alama. Watu wanagombea medali na bado wanaachiana. Nyie pale mnagombea nini?

Halafu kuna wajanja wengine, hawa nawachukia kuliko wadandiaji. Kanuni wanaijua vizuri mno. Anakuacha usubiri, wimbi likikaribia anakuzunguka kwa nyuma, anajisogeza kidogo karibu zaidi na linapovunjika kuliko wewe, kisha anapiga kelele "langu! langu!" Kwa mujibu wa kanuni yuko sahihi. Kwa mujibu wa malezi ni mwizi. Ukishapanda lako, unarudi kwa kuzunguka kule kwenye mlango wa mwamba wanakopita wavuvi na ngalawa zao, hukatizi katikati ya watu wanaoteremka na wimbi, na ukifika nje unakaa nyuma ya waliokuwa wanasubiri. Wewe umetoka kupanda sasa hivi, mwenzako ameganda pale muda wote huo anatazama mgongo wako.

Wazee wa mbao za futi 9, na nyie sogeeni hapa. Ubao mrefu unaelea zaidi, unashika wimbi likiwa bado halijasimama. Kwa haya mawimbi yetu ya kiunoni, ukiamua unaweza kuyabeba yote asubuhi nzima bila kuvunja kanuni hata moja, na wapo wanaoamua. Mkuu, ukishachukua mawili, la tatu mwachie dogo mwenye kipande cha ubao kilichoungwaungwa.

Lakini kilichonitoa povu leo ni hawa wanaojiita walimu. Yupo mmoja, jina silitaji. Anakusanya wageni na watoto wa Masaki, anawakodisha mbao za sponji, somo dakika kumi mchangani, kisha kundi zima analiswaga mpaka palepale linapovunjika. Wala hasubiri wapige mikono, anawasukuma mwenyewe. Mwanafunzi hajui kugeuza ubao, hajui kutazama nani anakuja, anajua kukenua kwa ajili ya picha.

Wiki iliyopita akamsukuma dada mmoja mbele yangu, mimi nimeshasimama tayari. Yule dada kuniona naja, akaruka majini na kuuachia ubao. Watu hudhani ile kamba inayofunga ubao na mguu inamaliza tatizo. Ubao wa futi 8, kamba nayo karibu futi 8, jumlisha mwenyewe: karibu mita 5 za bahari ambamo huo ubao unarukaruka na hauna mwenyewe. Ukanipita jirani na sikio, ukatua kwenye ubao wangu. Una ufa wa kiganja kizima na maji yanaingia. Ndiyo maana mtu anafundishwa kuushika ubao wake hata akianguka, kabla hajafundishwa kusimama.

Dada wa watu aliomba radhi mpaka nikamhurumia, hana kosa. Mwalimu ndiye aliyenijibu, "Kaka, bahari ni ya Mungu." Nikamuuliza, sasa kama ni ya Mungu, hao wateja unawatoza kwa niaba ya nani? Akacheka, akaenda kumsukuma mwingine.

Wanaoanza wana mahali pao, na hakuna anayewakataza: povu la karibu na ufukwe, maji ya kiunoni, chini mchanga. Nendeni Coco Beach Jumapili maji yakijaa, muwaone watoto wanavyolala na povu kwa vipande vya sponji na vifuniko vya ndoo. Hakuna aliyewafundisha, na mmoja akianza kuteleza wengine wanampisha. Ukimpeleka mgeni kwenye mwamba siku yake ya kwanza, humfundishi, unamtumia kama kigingi cha kutuzuia sisi.

Na nyie mnaosema hizi kanuni ni za Wazungu, punguzeni kidogo. Mchezo huu ni wa Wapolinesia, watu wa visiwa vya Pasifiki. Meli za yule nahodha Mwingereza, Cook, zilipofika Hawaii mwaka 1778 watu wa kule walikuwa wanapanda mawimbi siku nyingi, na wamisionari walioingia 1820 ndio waliowakunjia uso. Mzungu naye kaujulia ukubwani kama sisi.

Ila wasije wakajificha nyuma yangu wale madogo wanaotaka kupiga watu. Kumfuata mtu mchangani, kumkatia kamba ya ubao kwa kisu kisa "hapa ni kwetu", huo ni uhuni na siku moja mtamaliza mkiwa kituoni. Mgeni aliyekaa akasubiri zamu yake ana haki ya wimbi kama aliyezaliwa Mjimwema. Tofauti ni kwamba wa Mjimwema anajua mwamba uliko, kwa hiyo akikuambia toka, maji yanapwa, toka. Pale hakuna mwokoaji. Ukizimia juu ya ule mwamba, wa kukutoa ni huyo huyo uliyemdandia asubuhi.

Najua yatakuja majibu ya "mkuu, si uhamie sehemu nyingine". Nihamie wapi? Sehemu zinazofanya kazi wakati wa kusi ni za kuhesabu, na sitazitaja hapa maana nawajua, kesho mtakuja na drone.

Na ubao huku si kitu cha kwenda kununua Kariakoo. Wangu niliuziwa na Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao, nikaulipa kwa mafungu. Nimeupeleka kwa fundi wa boti za faiba, kauangalia, katikisa kichwa, katikisa na ubao, maji yakatoka. Anataka resini, kitambaa cha faiba na siku za kuuanika mpaka ukauke kabisa ndani, la sivyo ataziba na maji yakiwemo. Kusi lenyewe halinisubiri.

Mwalimu, najua unasoma humu, tena huwa unatangaza masomo yako humu humu. Namba yangu unayo. Fundi anataka nusu ya hela kabla hajaanza kupiga msasa.