Ile b ya "debt" iondolewe au ibaki?

Wadau, kwenye huu ubishi wa tahajia ya Kiingereza naona wengi wanazitetea herufi zisizotamkwa kwa hoja moja tu, eti zinatunza historia ya neno, ukizitoa umekata mizizi. Mimi napinga, na naanza na hiyo debt.

Mzizi wake wa mbali ni Kilatini, debitum, kitu kinachodaiwa, toka debere, na debere yenyewe ni de na habere zimeungana. Hapo sina ubishi. Ila Waingereza hawakulitoa Roma, wamelipata kwa Wafaransa baada ya uvamizi wa 1066, na lilifika likiwa dette, b ilishakufa midomoni mwa watu zamani sana. Chaucer, yule mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, kaandika dette. Baadaye ndo wakaja wasomi wanaokipenda Kilatini kupita kiasi wakaichomeka b kwenye maandishi, na mpaka leo hakuna anayeitamka. Doubt hivyo hivyo, receipt na p yake vile vile. Wafaransa nao waliwahi kuandika debte wakaachana nayo, leo ni dette, na hao lugha yao ndo imezaliwa na Kilatini kabisa!

Island ndo inaniuma zaidi. Ile haina Kilatini hata tone, ni Kiingereza cha kale, iegland, watu wakadhani ina undugu na insula, kisiwa kwa Kilatini, wakaipachika s. Sasa hiyo s inatunza historia gani jamani?

Kuna wanaosema b inamsaidia mwanafunzi kuona kwamba debt na debit ni ndugu. Hiyo ndo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wao, nakubali, lakini mtoto anayeandika imla hiyo debit hajawahi hata kuisikia, yeye kasikia det, kaandika det, kapewa kosa. Historia ikae kwenye kamusi.

Na msiseme haiwezekani. Kweli Rais Roosevelt 1906 aliamuru serikali ya Marekani itumie maneno 300 yaliyorahisishwa, Bunge likamgomea mwaka huohuo, ila yeye alitumia amri. Webster, mtunga kamusi wa Marekani, alipitia kwenye kitabu cha shule na kamusi, na u ya colour Marekani haipo tena, tena color ndivyo Warumi wenyewe walivyoandika.

Anayeitetea s ya island aje, hoja kwa hoja, namsubiri.